Kutoka Ugavana wa Kwale Hadi Uwaziri: Madaraka ya Kila Ngazi Yaelezwa

Mtu asafiriye kutoka Ukunda kwenda Msambweni hupita katika barabara kuu ya lami, ile itokayo Likoni na kufika Lungalunga penye mpaka wa Tanzania. Barabara hiyo hutunzwa na Serikali ya Taifa. Afikapo Msambweni aiona hospitali kubwa ya rufaa, ambako wagonjwa hupelekwa kutoka pande nyingi za Kwale. Hospitali hiyo i chini ya Serikali ya Kaunti. Akiingia kijijini, chifu amkutaye ni mtumishi wa Serikali ya Taifa. Lakini mwalimu afundishaye watoto wadogo wa chekechea huajiriwa na kaunti, na mwalimu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya uwanja huo huo huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, ambayo makao yake yako Nairobi.

Tena, kwa muda wa miaka kumi hivi tangu mwaka 2014, malori yalipita katika barabara hiyo yakichukua madini kwenda kupakiwa melini Likoni. Madini hayo yalichimbwa katika ardhi ya Kwale, wala hayakuwa chini ya amri ya Kwale.

Basi si ajabu mwananchi akichanganyikiwa, asijue ni mlango upi aubishe apatapo shida. Njia moja nyepesi ya kulifahamu jambo hili ni kuifuata kazi ya mtu mmoja aliyepita katika ngazi zaidi ya moja za utawala. Mtu huyo ni Bwana Salim Mgala Mvurya, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kwale, kisha akawa Waziri katika Serikali ya Taifa. Kwa kutazama aliyoweza na asiyoweza kuyafanya katika kila cheo, mtu aweza kuona wazi ni wapi madaraka yanapoanza na ni wapi yanapokoma.

MAMBO YALIVYOKUWA HAPO KALE

Kabla ya mwaka 2013, Kwale ilikuwa Wilaya katika Mkoa wa Pwani. Mkuu wa Wilaya aliletwa kutoka Nairobi, naye aliweza kuhamishwa siku yoyote bila watu wa Kwale kuulizwa neno. Palikuwa na baraza la madiwani waliochaguliwa na watu, lakini uwezo wake ulikuwa mdogo, na mambo makubwa kama hospitali yaliamuliwa katika ofisi za Wizara.

Yafaa ikumbukwe kwamba Pwani ilikwisha kuonja utawala wake yenyewe mara moja zamani. Katiba ya mwaka 1963 iliigawa Kenya katika majimbo, na kila jimbo likapewa baraza lake. Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani alikuwa Marehemu Bwana Ronald Ngala, mwalimu wa shule aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akawa kiongozi wa chama cha KADU. Wenyeji wa Kwale walikuwa katika jimbo hilo.

Lakini majimbo hayakudumu. Mwezi wa Novemba 1964 chama cha KADU kilivunjwa na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, na madaraka ya majimbo yakaondolewa. Bwana Ngala mwenyewe baadaye aliingia katika Baraza la Mawaziri la Mzee Jomo Kenyatta, akawa Waziri hata alipofariki mwezi wa Desemba 1972. Hivyo kiongozi aliendelea kupanda, lakini jimbo alilolisimamia halikuwapo tena.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliweka kinga juu ya jambo hilo. Iliunda kaunti 47, kila moja ikiwa na Gavana na Bunge lake. Ilisema kwamba muundo wa utawala huo hauwezi kubadilishwa na Bunge peke yake, ila kwa kura ya maoni ya wananchi wote. Tena iliamuru kwamba kila mwaka kaunti zote kwa pamoja zipate fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa.

GAVANA WA KWANZA

Uchaguzi wa kwanza chini ya mpango huo ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Bwana Mvurya alichaguliwa kwa tiketi ya chama cha ODM, na naibu wake akawa Bibi Fatuma Achani, ambaye ni mwanasheria. Walipoingia ofisini hapakuwa na desturi yoyote ya kufuata, kwa maana cheo cha Gavana kilikuwa hakijapata kuwako Kwale.

Kaunti waliyoikabidhiwa ina maeneo manne ya Bunge: Msambweni, Lungalunga, Matuga na Kinango. Maeneo hayo yamegawanywa katika wadi 20. Msambweni ina wadi nne, ambazo ni Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kwale yote ilikuwa na watu 866,820.

Kazi za kaunti zimeandikwa katika Katiba. Zilizo kubwa ni zahanati na hospitali za kaunti, kilimo na mifugo, uvuvi, masoko, barabara ndogo za vijijini, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kwa hiyo, hospitali ya Msambweni ilipokosa muuguzi au dawa, aliyepaswa kujibu kwanza alikuwa Gavana na maofisa wake, si Waziri wa Afya.

Serikali ya Bwana Mvurya ilijulikana hasa kwa mambo ya elimu. Ilijenga madarasa ya chekechea vijijini, nayo ilianzisha mpango wa kuwalipia karo wanafunzi, ulioitwa Elimu ni Sasa. Hapa msomaji aangalie jambo moja. Chekechea ni kazi ya kaunti kabisa, lakini shule za sekondari na vyuo vikuu ni kazi ya Serikali ya Taifa. Kaunti yaweza kumsaidia mtoto wa maskini kulipa karo ya sekondari. Haiwezi kumwajiri mwalimu wake, wala kubadilisha masomo yake.

Gavana huchaguliwa kwa miaka mitano, wala haruhusiwi kushika cheo hicho zaidi ya vipindi viwili. Bwana Mvurya alichaguliwa tena tarehe 8 Agosti 2017, mara hii kwa tiketi ya Jubilee, chama kilichokuwa kikitawala nchi. Watu huwa na maoni mbalimbali juu ya kuhama chama. Wako wasemao kwamba kaunti hufaidika kiongozi wake akielewana na wakubwa wa Nairobi. Wako pia wasemao kwamba aliyechaguliwa kwa bendera moja hana haki ya kuipandisha nyingine kabla ya kurudi kwa waliomchagua. Katika jambo hilo, hakimu ni mpiga kura, na mwaka 2017 wapiga kura wa Kwale walimrudisha.

MBUNGE NA MWAKILISHI WA WADI

Gavana si kiongozi pekee aliyechaguliwa. Chini yake, katika kila wadi, yuko Mwakilishi wa Wadi, aingiaye katika Bunge la Kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kuwahoji maofisa wa Gavana. Mbunge naye hakai katika serikali ya kaunti hata kidogo. Yeye huketi Nairobi kutunga sheria za nchi, na katika eneo lake iko hazina maalumu ya maendeleo itokayo Serikali ya Taifa, ambayo hujenga madarasa ya shule za msingi na sekondari na kutoa msaada wa karo.

Watu wa Msambweni walipata nafasi ya kuipima ngazi hiyo peke yake. Mbunge wao, Marehemu Bwana Suleiman Dori, alifariki mwezi wa Machi 2020. Uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 15 Desemba mwaka huo. Bwana Omar Boga, aliyewahi kuwa Mwakilishi wa Wadi ya Gombato Bongwe, alisimama kwa tiketi ya ODM. Aliyeshinda ni Bwana Feisal Bader, aliyesimama bila chama. Somo lake ni hili: ngazi za siasa hazipandwi kama ngazi za nyumba, kidato baada ya kidato. Kila mara mtu hurudi chini kwa wapiga kura kuomba upya.

FUNGU LA MADINI

Sasa twafika katika jambo lililowagusa sana watu wa Msambweni na Lungalunga. Katika mwaka 2013 kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba mchanga wenye madini katika Kwale, na shehena ya kwanza ilisafirishwa mwezi wa Februari 2014. Madini hayo ni ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ambayo hutumika katika kutengeneza rangi, vyuma vyepesi na vigae. Ili kazi hiyo ifanyike, jamaa nyingi za Maumba na Nguluni zilihamishwa katika mashamba yao, na baadhi yao zikapelekwa Bwiti. Minazi, mikorosho na makaburi ya wazee yaliachwa nyuma.

Katiba yasema kwamba madini yote yaliyo chini ya ardhi hushikwa na Serikali ya Taifa kwa amana ya wananchi wote wa Kenya. Kwa hiyo Gavana hakutoa leseni ya uchimbaji, wala hakupokea mrabaha, yaani ile ada ambayo mchimbaji huilipa serikali kwa madini anayoyatoa. Sheria ya zamani, iliyotungwa mwaka 1940, haikuweka fungu lolote kwa wenyeji wa mahali pa machimbo.

Sheria mpya ya Madini ilipitishwa mwaka 2016, nayo ilisema wazi jinsi mrabaha utakavyogawanywa. Katika kila shilingi 100, Serikali ya Taifa hupata shilingi 70, kaunti hupata shilingi 20, na jamii ya mahali pa machimbo hupata shilingi 10.

Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja, na fedha kufika ni jambo jingine. Fedha hizo huingia kwanza katika hazina ya taifa. Ili fungu la kaunti litoke, yapasa Bunge lipitishe sheria ya kuligawa, na Mdhibiti wa Bajeti atoe idhini. Fungu la jamii nalo lataka kanuni za kuonyesha jamii ni nani hasa: je, ni walioishi juu ya machimbo tu, au na majirani zao, au na wale waliohamishwa wakaenda kukaa mbali? Miaka ikapita. Viongozi wa Kwale, Bwana Mvurya akiwa miongoni mwao, walilidai fungu hilo. Alipomaliza muda wake wa ugavana mwezi wa Agosti 2022, Kwale ilikuwa ingali ikidai.

KUTOKA KURA HADI UTEUZI

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 Bwana Mvurya hakuweza kusimama tena kuwa Gavana, kwa kuwa vipindi vyake viwili vilikwisha. Alikuwa amejiunga na chama cha UDA cha Bwana William Ruto. Naibu wake wa miaka kumi, Bibi Achani, alisimama kwa tiketi ya chama hicho, akashinda, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Gavana katika Pwani.

Mwezi wa Oktoba 2022 Bwana Mvurya aliapishwa kuwa Waziri wa Madini na Uchumi wa Bahari. Hivyo mtu aliyekuwa akiandika barua za kudai alihamia upande wa pili wa meza, katika Wizara ile ile ambako barua hizo zilikuwa zikipokewa. Si ajabu kama wako waliosema, "Sasa mambo ya Kwale yamekwisha kupata mwenyewe."

Matumaini hayo yaeleweka, lakini yafaa kupimwa. Waziri hana uwezo wa kumpa mtu yeyote fedha kwa sababu tu ametoka kwao. Madini ya Kwale yalikuwa chini yake, na hali kadhalika dhahabu ya Migori na magadi ya Kajiado. Fungu la kaunti la asilimia 20 liliwekwa na Bunge, wala Waziri hakuweza kulifanya 25. Alichoweza ni kulisukuma shauri hilo: kutayarisha kanuni, kuzikagua hesabu za kampuni, na kulikumbusha Baraza la Mawaziri. Hayo si madogo; lakini si sawa na kuufungua mlango wa hazina.

Iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Gavana hupata cheo chake kwa kura za watu. Rais hawezi kumwondoa kwa kuandika barua. Ili aondolewe, lazima theluthi mbili za Bunge la Kaunti ziunge mkono mashtaka, kisha Seneti iyasikilize na kuamua. Waziri, kinyume chake, huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Bunge la Taifa, wala haruhusiwi kuwa mbunge. Cheo chake chategemea kalamu ya Rais.

Jambo hilo lilionekana wazi tarehe 11 Julai 2024. Baada ya vijana kuandamana katika miji mingi wakiupinga Mswada wa Fedha, Rais Ruto aliwafuta kazi karibu Mawaziri wote kwa siku moja, na Bwana Mvurya alikuwa miongoni mwao. Mwezi wa Agosti alirudishwa katika Baraza, lakini si katika Madini. Alipewa Wizara ya Uwekezaji, Biashara na Viwanda. Mwezi wa Desemba 2024 Rais alitangaza mabadiliko mengine, na Bwana Mvurya akapelekwa katika Wizara ya Vijana na Michezo. Magavana hawakuguswa na kalamu hiyo. Bibi Achani aliendelea na kazi yake Kwale kama kawaida.

Wizara ya Madini ilikabidhiwa Bwana Ali Hassan Joho, ambaye alikuwa Mbunge wa Kisauni kabla ya kuwa Gavana wa Mombasa kutoka 2013 hadi 2022. Hivyo meza hiyo ilitoka kwa Gavana wa zamani mmoja wa Pwani ikaenda kwa mwingine. Na mwisho wa Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilisimamisha uchimbaji katika Kwale, kwa kuwa madini yaliyofaa kuchimbwa yalikuwa yamekwisha.

MWANANCHI AFANYEJE?

Katika habari hii yote, mtu mmoja alishika vyeo vinne katika muda usiozidi miaka 12. Lakini mambo yenyewe hayakuhama pamoja naye. Hospitali ya Msambweni ilibaki mikononi mwa kaunti. Barabara ya Lungalunga ilibaki mikononi mwa taifa. Sheria ya 70, 20 na 10 ilibaki katika kitabu cha sheria, ikimfunga Waziri aliyekuwako na yule aliyemfuata.

Kwa hiyo, mtu mwenye shida asiulize kwanza, "Mtu wetu yuko wapi siku hizi?" Aulize, "Jambo langu ni kazi ya ofisi gani?" Dawa zikikosekana katika zahanati, au kijia cha kijijini kikiharibiwa na mvua, aende kwa Mwakilishi wa Wadi na kwa maofisa wa Gavana. Darasa la shule ya msingi likitaka paa, amwone Mbunge. Shauri likihusu usalama au kitambulisho, aanzie kwa chifu. Na jambo la mrabaha yafaa lipelekwe katika Wizara ya Madini na kwa Seneta wa Kwale pia, kwa maana Seneta ndiye aliyewekwa kuzitetea haki za kaunti Nairobi.

Tena Katiba yampa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali. Mzee wa Maumba aliyetoa shamba lake aweza kuandika barua kuuliza ni kiasi gani kililipwa, kiligawanywa lini, na fungu la jamii yake liko wapi. Barua hiyo haihitaji kumjua mtu yeyote mkubwa. Yahitaji jina la ofisi, tarehe, na nakala moja iwekwe nyumbani.

Wazee husema kwamba cheo ni dhamana. Mwenye kushika dhamana aweza kubadilishwa leo au kesho, kwa kura au kwa kalamu. Anayemfuata huikuta dhamana ile ile juu ya meza, na wenyewe wana haki ya kuiulizia.